Fedha Ikikonyeza

Karakana ilikuwa chumba cha tatu cha nyumba, kati ya jiko na stoo. Kilijengwa kiwe chumba cha mtoto. Shangazi alingoja miaka tisa, kisha akatoa kitanda akaingiza benchi, na mumewe, ambaye wakati huo alikuwa bado anapeleka barua kwa baiskeli, alilishika upande wa pili. Sasa alikuwa amestaafu, mtaa ulimwita Mzee Posta, na wageni walipouliza habari za watoto alikuwa na jibu moja.

"Tumejaliwa mmoja. Mtoto wa jicho. Habanduki kwa mama yake."

Shangazi hakuwahi kucheka. Ukungu ulianzia jicho la kulia, sasa ulikuwa umefika la kushoto, na kazi yake ilikuwa usonara.

Aliyeona kwa niaba yake alikuwa binti wa kaka yake, mwanamke wa miaka thelathini na nne ambaye tangu shuleni aliitwa Sindano kwa wembamba wake. Aliingia nyumba hii akiwa na miaka kumi na tisa, kwa likizo ya mwezi mmoja. Kwa miaka minne iliyopita kila kito kilichotoka chumba kile alikuwa amekishikiza yeye: alichonga kiti cha kito, akakunja kucha za fedha juu yake, akazipiga tupa mpaka zisikwaruze uzi wa hariri. Shangazi alibaki na moto, lehemu na nyundo, kazi ambazo mkono uliozoea unaweza kuzifanya kwa kupapasa. Alibaki pia na sebule. Huko ndiko wateja walikopokelewa, na Sindano, mlango wa karakana ukiwa wazi, aliyasikia yote.

"Hiki nimekushikizia kwa kucha sita," Shangazi alikuwa akimwambia mteja. "Wenzangu wangekuwekea nne wakakutakia safari njema."

Mteja akishaondoka, alirudi, akaketi, akapitisha kidole gumba juu ya kazi iliyofuata.

"Hii umeifanya kwa mikono au kwa miguu?"

"Kwa mikono, Shangazi."

"Siku moja jaribu miguu. Huenda ndiyo yenye kipaji."

Korongo wa fedha alikuwa kazi ya Sindano peke yake. Alimtengeneza kwa miezi kumi na minne, jioni na Jumapili, kwa fedha aliyoinunua mwenyewe kidogo kidogo. Ndege alikuwa na kimo cha shibiri mbili. Shingo ilikuwa waya mmoja uliovutwa na kupindwa bila kiungo. Mabawa yalikuwa na manyoya mia moja na manne, kila moja limekatwa peke yake kwa msumeno mwembamba kama uzi. Kifuani vilikaa vipande vya vito, feruzi na akiki, vimebanana hivi kwamba wembe haukupata pa kupita. Alisimama kwa mguu mmoja.

Mguu huo ndio uliosumbua. Mwili ulikuwa mzito, mguu mwembamba, na kila alipoachiwa ndege aliinama taratibu akalala kifudifudi. Kumpa kitako kipana kungemfanya afanane na kombe la mashindano ya mpira. Kwa hiyo Sindano alitengeneza unyayo wenye uwazi ndani, akaujaza risasi, ile metali laini na nzito, akaufunika kwa bamba la fedha. Korongo akasimama.

Risasi ilikuwa marufuku karakanani. Haikuwa kanuni ya Shangazi tu; kila sonara anaijua. Punje ya risasi ikiyeyuka pamoja na fedha hujipenyeza ndani yake, na fedha hiyo, ingawa inaonekana nyeupe na nzima, hukatika chini ya nyundo kama biskuti. Hakuna namna ya kuiokota tena. Shangazi aliipiga marufuku kwa ukali hata akaacha kuikagua: kwa miaka thelathini na moja risasi haikuvuka mlango ule, kwa hiyo haikuwemo. Sindano aliifanyia kazi uani, karibu na mfereji wa maji machafu, kwa tupa aliyoitupa siku hiyohiyo. Korongo alipokamilika alimfunga kwa kitambaa, akamlaza ndani ya sanduku la mbao nyuma ya mtungi wa gesi wa akiba.

Pamoja naye aliweka fomu. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatoa nafasi moja: benchi, zana, gesi na chumba cha kulala, kwa miaka miwili. Mwombaji alete kazi moja ya mkono wake, Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Bila kazi, fomu haipokelewi. Sindano alikuwa amejaza kila mstari isipokuwa wa tarehe.

Jumapili asubuhi gesi iliisha. Aliunganisha mtungi wa akiba kwenye mpira wa benchi, akaubeba ule mtupu, akaenda kuubadilisha. Hakufikiria kwamba mtungi wa akiba ndio uliokuwa unalikinga sanduku.

Aliporudi, Mzee Posta alikuwa ameketi kizingitini na gazeti la juzi.

"Una mgeni ndani," alisema. "Ana mdomo mrefu kuliko wa mke wangu. Sikujua midomo hiyo inatengenezwa."

Sindano aliutua mtungi pale pale.

Kitambaa kilikuwa sakafuni. Juu ya benchi palikuwa na kisahani chenye feruzi na akiki, vimeng'olewa kwa ncha ya kisu, vingine vimevunjika. Fomu ilikuwa chini ya kisahani. Shangazi alikuwa ameketi kwenye stuli ya Sindano, mkasi wa mabati mkononi, korongo magotini bila kifua. Mbele yake, juu ya tofali, kilikaa kikombe cha udongo cha kuyeyushia, na ndani yake zilikuwamo bangili saba za mshonaji wa mtaa wa pili.

Bangili hizo zilikuwa za marehemu mama yake mshonaji. Alizileta ziyeyushwe, ziwe bangili moja pana na mkufu kwa ajili ya binti yake, na angekuja kuvichukua Alhamisi. Shangazi alizipima mwenyewe na kumhakikishia kuwa zinatosha. Alikuwa ameisoma mizani vibaya. Sindano alimwambia hivyo Ijumaa, akajibiwa kuwa mizani iliingia nyumba hii kabla yake. Sasa ilikuwa Jumapili, fedha ilikuwa pungufu kwa thuluthi moja, na muuza madini alikuwa amefunga.

"Umerudi," Shangazi alisema bila kugeuka. "Gesi wameijaza kweli, au wamekufungia upepo?"

"Shangazi, huyo ni wangu."

"Nani wako?"

"Korongo."

"Mimi humu nimekuta fedha. Fedha iliyomo chumba hiki ni ya chumba hiki. Uliichoma kwa moto wa nani?"

"Nilinunua mwenyewe. Risiti ninazo."

"Na mikono? Risiti ya mikono iko wapi?" Mkasi ulifunga, shingo ikaanguka ndani ya kikombe. "Miaka kumi na mitano nakufundisha, halafu unanifichia ndege kama mwizi wa kuku. Fomu Mzee amenisomea. Mwandiko mzuri. Umeandika huna wa kukutegemea."

"Nakuomba, Shangazi. Bado mwili ni mzima. Nikipata leo nzima na usiku, naweza kumrudishia shingo na kifua."

"Omba."

Sindano aliomba. Alitaja miaka aliyokaa pale, akataja kazi alizozifanya zikatoka kwa jina lisilo lake, akaahidi kurudi kila Jumamosi kushikiza vito bila malipo kwa miaka yote miwili. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, mkasi ukiwa wazi, kisha akauliza kama amemaliza. Alipojibiwa ndiyo, alikata bawa la kulia, halafu la kushoto. Manyoya mawili yalirukia chini. Hakuyaona.

"Sikufanyii ubaya," alisema. "Chuoni wangekucheka. Shingo imepinda."

"Shingo ya korongo imepinda."

"Na yako je? Hiyo ndiyo ninayoinyosha."

Alikata kiwiliwili vipande vinne. Mguu haukukatika kwa mkasi, wala hakujishughulisha nao. Alihisi uzito wake kiganjani, akaridhika, akautia kikombeni mzima, unyayo juu.

"Una la kusema zaidi?"

Sindano aliutazama unyayo. Bamba lake la fedha lilikuwa limekaa sawa, bila mshono unaoonekana; ilikuwa kazi safi. Chini yake zilikuwa bangili saba za watu. Hapakuhitajika maelezo. Neno moja lingetosha, na lenyewe lilikuwa na silabi tatu.

"Sina, Shangazi."

"Basi washa."

Aliwasha. Alirekebisha mwali mpaka ukawa wa buluu na mkali, akamkabidhi Shangazi mpini, akasimama nyuma ya bega lake kama kila siku, kuona kwa niaba yake. Manyoya yaliinama kwanza, kisha bangili, kisha vyote vikawa kitu kimoja kinachozunguka. Ukingoni mwa kikombe ulijitokeza utando wa njano, na moshi mwembamba ukapanda ambao fedha safi haina.

"Imeng'aa?"

"Imeng'aa."

Shangazi akaimimina kwenye kalibu igande.

Mchana, baada ya kula, aliipitisha ile fedha kwenye mashine ya kukandamiza, yenye magurudumu mawili ya chuma na mkono wa kuzungusha. Mara ya kwanza ilipita. Mara ya pili kingo zilipasuka kama matope yaliyokauka. Alilaumu ubaridi, akaipasha moto ikalainika, akarudia. Ilikatika vipande vitatu. Alikiokota kimoja kwa kupapasa, akakisugua kidole gumba mahali kilipokatikia, akakipeleka karibu na jicho la kushoto mpaka kikagusa kope. Ndani kilikuwa kijivu, chembechembe kama majivu ya sigara.

"Risasi," alisema.

"Risasi?" Mzee Posta aliita kutoka sebuleni. "Tumepigwa ndani ya nyumba?"

Shangazi alimgeukia Sindano.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye unyayo," Sindano alisema.

"Ulijua nilipoutia."

"Nilijua."

"Ukawasha moto."

"Uliniambia niwashe."

Shangazi alikiweka kipande benchini, akakisogeza sambamba na vile viwili vingine, kama mtu anayepanga vijiko.

"Mshonaji amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Nilitaka nijue tu."

Njia ya kuitenga risasi na fedha ipo, ya zamani kuliko karakana zote. Majivu ya mifupa husindiliwa yakawa kikombe kinene. Fedha iliyoharibika huyeyushwa ndani yake kwa moto mwingi na upepo mwingi. Risasi huungua polepole na kunywewa na majivu, na fedha hubaki. Muda wote huo juu yake hutembea rangi, zambarau, kijani, njano, kama mafuta juu ya dimbwi. Risasi ya mwisho inapotoka, rangi hupasuka ghafla na fedha humulika mara moja, nyeupe, kisha hutulia. Mafundi waliomfundisha Shangazi waliita hilo kukonyeza. Ukizima moto kabla haijakonyeza, risasi ingali ndani, hata kama ni kidogo. Shangazi aliwahi kuifanya kazi hiyo mara mbili maishani, akiwa na macho mazima. Sindano hakuwahi kuiona.

"Kesho nitasindilia kikombe," Shangazi alisema. "Wewe utaniangalizia."

Kwa miaka kumi na mitano lilikuwa ombi lake la kwanza, na alilitoa kwa sauti ya amri.

"Kwanza twende chuo," Sindano alisema. "Umwambie Mwalimu anayepokea kazi kwamba korongo alikuwepo, kwamba nilimtengeneza mimi, kwamba wewe umemyeyusha. Tukirudi, macho utayapata."

"Unanifanyia biashara, mwanangu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Haya. Angalau kuna ulichojifunza sebuleni."

Mwalimu wa ufuaji fedha alikuwa mtu mnene asiye na nyusi. Ziliungua zamani na hazikuota. Ofisi yake ilikuwa kona ya karakana kubwa, imetengwa kwa kabati. Jumatatu saa nne Sindano aliweka mbele yake fomu, kisahani cha vito na yale manyoya mawili aliyoyaokota sakafuni. Mwalimu alivaa lenzi ya jicho, akalishika nyoya moja kwa kibano, akaligeuza taa ilipo.

"Umelikata kwa msumeno namba ngapi?"

Alimwambia.

"Yalikuwa mangapi?"

"Mia moja na manne."

Mwalimu aliivuta taa karibu. Alilichukua la pili, akaliweka juu ya la kwanza. Yalilingana.

"Kazi yenyewe sina," alisema, "lakini hii si kitu cha kuokota. Akiwepo wa kushuhudia, naweza kuandika kwamba kazi ilikuwepo. Mama ndiye shahidi?"

"Ndimi," Shangazi alisema. Alikuwa amevaa gauni lake la kupokelea wateja na alikaa wima, uso umeelekea sauti ilikotoka. "Korongo alikuwepo. Alimtengeneza huyu, peke yake. Mimi sioni, hata vito ninavyouza hushikiza yeye, mwaka wa nne huu. Jana nilimkatakata nikamyeyusha. Fedha ilikuwa imenipungukia."

Sindano alihisi mabega yake yakishuka. Hakutarajia yasemwe yote, na kwa mpangilio mzuri vile.

"Sasa kwa kuwa nimeitwa shahidi," Shangazi aliendelea, "nimalize. Mguu aliujaza risasi akaufunika. Ulipokuwa unaingia kwenye fedha ya mteja, bangili za marehemu wa watu, alisimama umbali kama huu uliopo wewe. Nilimuuliza kama ana la kusema. Akasema hana. Moto aliuwasha yeye."

Mwalimu alitoa lenzi jichoni.

"Ni kweli?"

Angeweza kukana. Shangazi hakuwa na ushahidi wowote, na mtu asiyeona hupingwa kwa urahisi. Lakini swali liliulizwa na mtu aliyeyashika manyoya kwa kibano, na kwa sababu hiyo tu Sindano alijibu.

"Ni kweli."

"Risasi ndani ya sanamu si kosa," Mwalimu alisema. "Hata mimi nimeitumia. Lakini tazama kule." Nyuma ya kabati watu walikuwa wakipiga nyundo kwenye mabenchi kumi na mawili. "Tanuri la kuyeyushia ni moja. Kila mtu anatia chake baada ya mwenzake, na hakuna anayemkagua mwenzake, kwa sababu hatuna muda. Mtu anayeona na akanyamaza siwezi kumweka pale. Mzembe ningemweka."

Alirudisha manyoya ndani ya kisahani, taratibu zaidi kuliko alivyoyatoa, akaisogeza fomu upande wa Sindano. Mstari wa tarehe ulikuwa bado mtupu.

Njiani Shangazi alimshika mkono kuvuka barabara.

"Nimesema kila ulichotaka niseme. Au nimeruka neno?"

"Hujaruka."

"Sikutaka uje kunilaumu baadaye. Ukingo wa barabara uniambie, usije ukanyamaza na hapa."

Sindano alimwambia. Walivuka salama.

Jiko la kazi ile walilijenga uani kwa matofali, alasiri, jua bado kali. Mzee Posta alipewa kiti na kipepeo cha moto, akapepea bila kuuliza. Vipande vitatu viliyeyuka ndani ya kikombe cha majivu. Shangazi aliketi karibu kiasi kwamba uso ulimwiva, akisikiliza. Alisema fundi wake alidai sauti ya moto hubadilika fedha inapokonyeza, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Sindano aliinama akatazama ndani. Rangi zilikuwa zikitembea, pana, zinapishana.

"Imekonyeza?"

"Bado."

Nusu saa ikapita. Mzee Posta alibadilisha mkono.

"Imekonyeza?"

"Bado, Shangazi."

Fedha ilikuwa imepungua upana na kuinuka mgongo. Rangi zilikuwa bado zinatembea juu yake, sasa kwa kasi zaidi, nyembamba, kama uzi wa zambarau unaosokotwa. Mwisho ulikuwa karibu. Kwa kukadiria ilibaki robo saa.

"Na sasa?"

Sindano alizitazama rangi kwa makini kuliko alivyowahi kuzitazama tangu zianze.

"Imekonyeza."

"Una hakika?"

"Nimeiona. Nyeupe, mara moja."

Shangazi alimgusa mumewe begani aache kupepea.

Fedha ilipopoa aliipitisha kwenye mashine. Ilipita mara ya kwanza, ya pili, ya sita, ikawa bamba refu lisilo na ufa. Alilipapasa kwa kiganja kizima, huku na huku, kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kutokea chumba kile.

"Safi," alisema. "Macho yako si haba."

"Asante, Shangazi."

Kilichobaki ndani kilikuwa kidogo. Risasi kidogo huvumilia nyundo, na huvumilia moto mdogo wa kulainisha. Moto wa lehemu ni mwingine. Sindano alilisoma hilo katika kitabu cha ufundi ambacho kwa miaka mingi kilikaa rafu ya juu, na ambacho Shangazi hangeweza tena kukisoma.

Jumanne na Jumatano walifanya kazi vizuri pamoja. Sindano alikata bamba la bangili na vipande ishirini na vinne vya mkufu, akavichonga nakshi, akavisugua. Shangazi alivipinda kwa nyundo ya mbao. Viungo vyote viliachwa kwa Alhamisi, kwa kuwa Shangazi alikuwa na desturi ya kulehemu kila kitu kwa mkao mmoja, mkono ukiwa umeshapata moto. Alikuwa mchangamfu. Jumatano alisimulia jinsi alivyomkataa mchumba wa kwanza kwa sababu ya vidole vyake vifupi, na Mzee Posta akainua vyake juu kutoka mlangoni vionekane na wote.

Alhamisi mshonaji alifika saa moja kabla ya miadi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkanda wa kupimia bado shingoni, nyuzi nyeupe zimemganda sketini. Hakutaka kukaa sebuleni.

"Nikuombe, dada," alimwambia Shangazi. "Niruhusu nione ikifungwa. Mama alizivaa mpaka siku ile. Ningependa niwepo."

"Karibu. Simama upande huu usizibe taa." Shangazi hakuhitaji taa. "Hii ndiyo bangili yenyewe. Ishike kwanza."

Mshonaji aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha, akaona nakshi.

"Umeifanya wewe?"

"Na huyu," Shangazi alisema. "Amenisaidia macho."

Sindano alikuwa kwenye stuli yake, mikono mapajani.

Shangazi aliunganisha ncha mbili za bangili, akapaka dawa ya kulehemu, akaweka kipande cha lehemu, akaushusha mwali. Bangili ilianza kuwa nyekundu. Kisha haikuyeyuka, iliachia. Tundu lilifunguka karibu na kiungo, likala kuelekea pande zote mbili, na upande mzima wa nakshi ukamomonyoka ukaanguka juu ya benchi na kutoka benchini hadi sakafuni, chembe ndogo ndogo zilizolia kama mchele. Shangazi aliondoa moto. Mkono wa pili ulikwenda haraka kupapasa, ukagusa fedha ya moto, haukurudi nyuma.

"Uliona rangi," alisema. Hakuwa anasema na mshonaji.

"Niliona rangi," Sindano alisema.

"Ndiyo nini hii?" mshonaji aliuliza. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Dada, ndiyo nini?"

"Imeharibika," Shangazi alisema. "Na mkufu pia. Ni fedha ileile."

"Si mtaiyeyusha tena?"

"Nikiiyeyusha tena nitahitaji mtu wa kuangalia. Sina."

Mshonaji alingoja maelezo zaidi. Alivuta leso kutoka kwapani, akaitandaza benchini, akaikusanya bangili iliyobaki na vile vipande ishirini na vinne. Halafu akapiga magoti. Alilamba ncha ya kidole, akaigusa chembe sakafuni, akaipeleka kwenye leso, akarudi kwa nyingine, namna anavyookota pini baada ya kazi. Shangazi naye alishuka kutoka kitini, akapiga magoti upande wa pili, akapapasa sementi kwa viganja vyote viwili. Alikuwa anazisogeza chembe chini ya benchi badala ya kuzipata.

"Acha, dada," mshonaji alimwambia kwa upole. "Unazipoteza."

Shangazi aliacha. Alibaki pale pale, viganja juu.

Mshonaji alifika mpaka kwenye miguu ya stuli. Hakuinua kichwa.

"Wewe unayeona. Kuna nyingine?"

Sindano alipitisha macho sakafu yote, kuanzia mlangoni hadi ukutani, polepole, kwa utaratibu aliofundishwa chumba hiki. Zilikuwepo tano: mbili chini ya mashine, moja kwenye ufa wa sementi, mbili karibu na ndala za mshonaji mwenyewe.

"Hakuna," alisema. "Umezimaliza."

Mshonaji alishukuru, akaendelea kutafuta. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kutomwamini mtu yeyote kuhusu pini.